Kaske, Jile na Filimbi

Kaske ya kwanza niliyomletea binti yangu ilikuwa ya pikipiki, nzito, yenye kioo cheusi mbele. Alipoivaa sebuleni, mama yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye mwanaume! Mtoto anaenda Lemera ao anaenda mwezini?" Mimi sikucheka. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaliona lori la mizigo likimfuata pale Kiliba, dereva anasinzia, na mtoto hajui. Ndivyo nilivyo. Nimezaliwa mwoga, sifichi, na mke wangu ananitania kwa hilo tangu tulipooana.

Kwetu Uvira baiskeli tunaiita kinga. Kwenye Kiswahili cha vitabu, kinga ni kitu kinachokulinda. Sijui nani alitufanyia mzaha huo, maana sijaona chombo kinachomwacha mtu wazi kama hicho.

Binti yangu alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, akapata kazi katika kituo kidogo cha afya milimani, juu ya Lemera. Aliamua kwenda na kinga yake, kwa pedali, kutoka kwetu kando ya ziwa mpaka huko juu. Nilimwambia apande gari. Akanijibu, "Papa, gari likinishusha litarudi. Minye nitabaki kule na wagonjwa wako mbali, nitawafikia na nini?" Nikamwambia abebwe na pikipiki. Akasema anataka kuijua barabara kwa miguu yake. Basi nikasema tunaenda wote wawili, nikaazima kinga ya jirani. Nilitaka jambo moja tu: mtoto huyu afike mzima.

Nikaanza kununua. Nilizunguka soko la Mulongwe mpaka wauza vyuma wakanizoea. Freni, zile za kusimamisha kinga, nilizijaribu mwenyewe kwenye mteremko wa kutoka nyumbani kuelekea ziwani. Nilimfanya binti ashuke na kusimama, ashuke na kusimama, mpaka mama yake akatoka na mwiko mkononi, akauliza kama tunataka kuzimaliza kabla ya safari. Mipira nilichagua ile yenye meno makubwa, kwa sababu ya mawe ya kupanda Lemera. Tukaongeza pompi, viraka na gundi, mpira wa ndani wa akiba, na kioo cha kutazamia nyuma. Kaske ya pikipiki nilirudisha kwa aibu, nikapata mbili nyepesi za baiskeli, mitumba, mikanda yake bado mizima. Yangu ilikuwa kubwa kidogo. Nikajiambia haidhuru, kichwa cha maana si changu.

Kazi ngumu ilikuwa rangi. Nilikuta koti la mvua zuri ajabu, zito, la kijani kibichi, nikaja nalo nyumbani nikitamba. Mke wangu hakulishika hata. Kwa mara ya kwanza katika mambo haya yote hakuwa anacheka. "Rudisha. Unataka mtoto wangu afanane na nani?" Haki ya Mungu! Mimi mwenye kuogopa kila kitu, hilo sikuwa nimeliona. Kwenye uwanda wetu kuna watu wa kila aina wanaotembea na bunduki, na mtu akikuona kwa mbali umevaa kijani haulizi wewe ni muuguzi.

Nikanunua jile za njano, zile za kung'aa wanazovaa watu wa kutengeneza barabara. Kisha nikakaa nikiziangalia, hofu ikaanza upande wa pili. Lori litamwona, ndiyo. Lakini si lori peke yake lenye macho. Ukitaka dereva akuone, na yule aliyekaa kichakani atakuona. Ukitaka yule asikuone, dereva atakupitia juu. Nilimuuliza binti yangu tufanye nini, akaniangalia kwa huruma. "Papa, malori ni mengi kuliko wale. Tuvae njano." Akasema hivyo kama mtu anayechagua kitambaa cha nguo.

Filimbi zilikuwa wazo langu, na nilijisifu sana. Nilijua hatutaenda pamoja muda wote, maana mimi ningetangulia ili kwenye barieri za barabarani nizungumze kwanza na askari, yeye aje nyuma. Je, akianguka? Akipotea kwenye kona? Sauti haifiki mbali. Nikanunua filimbi mbili za marefa, nikazifunga kamba, moja shingoni mwake, moja mwangu. Hapa mjini kila mtu anajua filimbi ni nini. Wezi wakiingia kwa jirani, mtu anapiga filimbi, mwingine anagonga sufuria, na avenue nzima inatoka nje. Filimbi maana yake ni njooni. Nikamwambia, "Ukipata shida, piga mara tatu. Nitakuja, na watu watakuja." Mama yake akasema sasa hicho ni kitu cha maana, na mimi nikafurahi kama mtoto.

Tukaondoka asubuhi. Sitasema mengi juu ya barabara kubwa. Malori yalipita, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno, na kila nilipoangalia kile kioo na kuona jile ya njano nyuma yangu nilishusha pumzi. Tukalala Sange kwa ndugu wa mke wangu. Kesho yake, kabla ya kufika Luvungi, tukaiacha barabara kubwa na kushika njia ya milimani. Mashamba ya mihogo yalikuwa pande zote, wanawake wanalima, wengine wana watoto mgongoni. Walitusalimia vizuri. Nilianza kufikiri labda mke wangu ana haki, labda ninajitesa bure.

Njia ilishuka kwenye kijito kisha ikapanda. Nilivuka, nikapanda nikisukuma kinga, nikapita kona. Hapo nikasikia filimbi. Mara tatu, kama nilivyomfundisha.

Niligeuka. Na wanawake wa shambani nao waligeuka, lakini hawakwenda kule filimbi inakolilia. Majembe yalianguka. Mmoja akamrusha mtoto mgongoni, mwingine akamvuta wake kwa mkono, wakaanza kukimbia kupanda mlima, kunipita. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia miguu tu, na pumzi. Mama mmoja akanishika mkono. "Papa, kimbia! Wanakuya!"

"Nani?"

"Filimbi hausikii?"

Ee Mungu wangu. Nilielewa palepale. Kwao filimbi haisemi njooni. Kwao wale wenye bunduki huitana kwa filimbi kabla ya kuingia kijijini. Na kule chini nikaona wanaume wa kijiji wanatoka kwenye mihogo wakiwa na mapanga, wameinama, wanakwenda kimya kimya kuelekea kijitoni. Walikuwa wanamfuata mtoto wangu.

Akapiga tena. Alikuwa anadhani sijasikia.

"Usipige!" nikapaza sauti. "Mwanangu, usipige!" Nikaitupa kinga nikashuka mbio, kaske inanianguka machoni, na katika maisha yangu yote ya woga sijawahi kuogopa namna ile. Nilikuwa ninasema kwa sauti, sijui namwambia nani, si yeye, si yeye, si yeye.

Alikuwa amekaa chini kati ya mawe, mkono wa kushoto umepinda, filimbi bado iko mdomoni. Wanaume walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa ameinua panga, hajalishusha wala hajapiga. "Unaita nani?" alikuwa anamuuliza. "Sema! Unaita nani?"

Filimbi ikamtoka mdomoni. "Papa," akasema. "Ninaita papa."

Mimi nikatokea kichakani na jile yangu na kaske yangu, nao wakanigeukia wote kwa pamoja. Nilipiga magoti, nikavua kaske, nikavua jile, nikainua mikono. "Ni minye. Minye njo papa yake. Ni muuguzi, anaenda kazini Lemera. Ameanguka tu. Jamani, ni mtoto, ameanguka tu."

Yule mwenye panga alimwangalia binti, akaniangalia mimi na kipara changu na jasho langu, kisha akakaa chini kwenye jiwe, akaweka panga kando na kufunika uso kwa mikono. Mwingine akanikaripia vibaya, na nilimwacha anikaripie. Angenitukana mpaka jioni ningemsikiliza.

Wanawake wakarudi mmoja mmoja. Yule aliyenishika mkono alikuja wa mwisho, bado anahema, mtoto wake analia sasa. Aliuona mkono wa binti yangu, akafungua kitenge chake cha juu, na wakaanza kuufunga pamoja: binti anamwelekeza kwa sauti ndogo ya kazi, weka hapa, vuta, si sana, na mama yule anafuata. Nilikaa pembeni.

Alipomaliza kufunga, alimfuta binti yangu vumbi usoni kwa kiganja, kama anavyofutwa mtoto wa nyumbani.

"Utakaa na sisi huku?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi siku ingine ukianguka, mwanangu, unyamaze."

Binti yangu, aliyecheka kila woga wangu tangu akiwa mdogo, hakucheka. Alimwangalia yule mama, kisha akaitikia kwa kichwa.