Meno ya Juu ya Eliamini

Blanketi la sufu likilowa hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa, na harufu hiyo siivumilii mpaka leo. Wajukuu wangu huanika mablanketi uani, mvua ikiwashtukiza huyaingiza ndani mbiombio, nami hutoka nikakae nje hata kama kunanyesha. Wananiona bibi mwenye vituko. Ninyi nitawaambia kisa chake, maana wao wangenicheka.

Nilikuwa na miaka kama minane, enzi za Mwingereza, kwetu Vudee, kwenye milima ya Upare. Baba alikuwa tambarare kwenye mashamba ya mkonge. Nyumbani tulibaki Mama, bibi mzaa baba, mimi, na mdogo wangu Eliamini, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Asubuhi moja nikimchezesha, nikaona kitu cheupe mdomoni mwake. Nilitoka mbio huku nikipiga kelele.

"Bibi! Bibi! Eliamini ameota meno! Mawili, ya juu!"

Bibi alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini. "Ya juu? Na ya chini je?"

"Ya chini bado, Bibi. Ni haya ya juu tu."

Machozi yalimlengalenga, nami nikadhani ni ya furaha.

Siku hizi jino ni jino tu. Zamani zile mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na kigego aliaminika kuleta vifo katika ukoo. Hakuachwa akue. Upareni palikuwa na jiwe ambako watoto wa namna hiyo walitupwa, na ingawa serikali ilikwisha kukataza, na kanisani tulihubiriwa, hofu haiishi kwa amri. Walikuwepo wazee walioimba tenzi asubuhi, jioni wakaulizia meno. Bibi alimpenda Eliamini, naweza kuapa. Lakini aliuogopa ukoo zaidi, na kabla jua halijazama alikuwa amekwenda kuwaarifu shemeji zake.

Alfajiri Mama aliniamsha. "Nakijwa, amka. Leo nakupeleka Shengena, ukauone mlima wa Wachaga wenye kofia nyeupe."

Mjomba alikuwa amenisimulia kwamba kukiwa kweupe, ukisimama kileleni Shengena, Kilimanjaro unauona mzima. Nilikuwa nimeililia safari hiyo kwa miezi. Basi sikujiuliza kwa nini twende mwezi wa saba, wakati hata mbuzi hawataki kutoka zizini kwa baridi, wala kwa nini Mama alimfunika Eliamini mdomo kwa kanga. Kumbe alikuwa akimkimbiza kwa dada yake mkubwa, kijiji cha Myamba ng'ambo ya mlima, ambaye mumewe alikuwa mwinjilisti. Njia ya kuteremkia Same na kuzunguka tambarare ilipita mbele ya nyumba za baba zangu wakubwa. Njia ya mlimani ilikuwa ya wawindaji, na msimu ule hata wao hawakuipita.

Tulipanda. Msituni kulikuwa na giza la ukungu, kuvumwani, zile ndevu za miti, zikining'inia matawini na kututonea maji shingoni, na matope yaling'ang'ania miguu yetu mitupu. Vidole vyangu viligoma kukunjika. Kila nilipouliza kama tumekaribia, Mama alijibu, "Mbele kidogo." Hiyo mbele kidogo yake haikuwa na mwisho.

Tulipofika kileleni miti iliisha na upepo ukatupokea. Nikatazama huku, nikatazama kule: weupe mtupu. Hakukuwa na Kilimanjaro, hata miguu yangu niliiona kwa shida. Nililia kwa hasira, nikamwambia Mama ni mwongo. Nilimwambia hivyo, jamani, mama yangu, naye amesimama pale hajui njia ya kushukia iko upande gani.

Ndipo Eliamini aliponyamaza. Alikuwa amelia njia nzima, na ghafla akawa kimya. Mama alimfungua mgongoni. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Mama alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, akafungua gauni, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, kisha akatufunika wote watatu kwa blanketi lililojaa maji. "Usiniache, baba, usiniache," alimwambia. "Nakijwa, mpulizie! Mpulizie usoni!" Nilipuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Mama alikuwa akisali kwa Kipare, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kanisani: "Mungu, nimemwokoa na watu, usimchukue kwa baridi!" Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani. Nikamtia Eliamini kidole mdomoni, nijue kama mna joto.

Akaniuma.

"Mama, ameniuma!"

"Amekuuma?"

"Mpaka damu, Mama!"

"Muume tena, baba," Mama akasema, akacheka na kulia pamoja. "Muume tena."

Mchana ukungu ulipungua upande wa mashariki, tukasikia shoka likikata kuni huko chini. Tuliifuata sauti hiyo tukaipata njia ya kushuka, na jioni tukamfikia mama mkubwa. Eliamini alikulia Myamba. Ukoo haukufa, uliendelea kuzaana na kugombea mipaka ya migomba kama kawaida.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipowasikia wanawake wakizungumza habari za vigego, nikaelewa safari ile ilikuwa ya nini, na mdomo wa nani ulioianzisha. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kila nilipomwona ndugu yangu akicheka, niliona aibu. Nilikaa na jambo hilo hadi nikawa na watoto wangu, na Mama akawa mzee wa kulishwa. Siku moja nikimnywesha uji nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyemwambia Bibi."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikakusikia."

"Mbona hukuwahi kunigombeza?"

Alimeza kwanza, akapangusa mdomo kwa upindo wa kanga.

"Ningekugombeza vipi, mwanangu? Kijiji kizima, ni wewe peke yako uliyeyafurahia meno yale."