Kemia ya Zainabu juu ya magunia ya ufuta

Leo nimetoa ushauri wa chuo, mimi niliyeishia darasa la tano.

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya ufuta hapa Ikwiriri, wapakiaji wote, binti yangu Zainabu akapiga kutoka Dodoma. Nikaweka spika, watu wajue nina mtoto chuoni.

"Shikamoo baba. Uhasibu naendelea nao, ila niliongeza na kemia, somo la pembeni."

Bunge likaanza.

Salumu akasema, "Mhasibu na kemia wapi na wapi? Atazipima hela kwa tindikali?"

Mwingine akaagiza dawa ya panya.

Nami, profesa wenu, nikakohoa kidogo. "Mwanangu, iache hiyo kemia. Utafeli vyote viwili."

"Baba, sikupiga kuomba ruhusa. Matokeo ya kemia yametoka leo, nimeongoza darasa. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Akaaga kwa adabu, akakata.

Waheshimiwa wote wakakumbuka ghafla kuwa kuna lori la kupakia.

Tangu hapo naandika "hongera", nafuta.

Nyie mliosoma, mwenzenu ameimwagia maji furaha ya mwanawe. Aanze kumwandikia neno gani?