Laptop ya Mwende Ilikuwa Imevimba, na Waliambiwa

Siamini bado, na msiniambie ni mapenzi ya Mungu. Mungu siye aliyempa Mwende ile laptop.

Rafiki yangu alifariki Jumanne mchana, chumbani mwake Mutuini, kwa moshi wa betri ya laptop ya kazi. Tumemzika kwao Ukambani. Nimerudi Nairobi na hasira, kwa hiyo anayetaka maneno matamu apite.

Tulikaa dawati moja miaka mingi, hapo mjini, kwenye kampuni ya kujibu malalamiko ya wateja wa ng'ambo. Mimi nilifutwa kazi kwa sababu ya mdomo huu huu. Yeye alibaki.

Siku moja mteja alimtukana kwenye simu mpaka mteja mwenyewe akachoka, na Mwende akangoja tu, kisha akamwambia: "Sawa, sasa tuanze na jina lako." Ningekuwa mimi, ningeanza na la mamake.

Halafu wafanyakazi wakapelekwa kufanyia kazi nyumbani. Kwenye skrini kila mfanyakazi ana nukta. Ikiwa kijani, uko kazini. Usipogusa mouse kidogo tu inageuka manjano, na simu inalia.

"Mwende, mbona uko yellow?"

"Nilikuwa msalani, supervisor."

"Next time sema kwanza."

Mwanamke mzima, mwenye mvi, anaomba ruhusa ya choo nyumbani kwake!

Ndipo wafanyakazi wakavumbua mbinu yao. Unalaza saa ya mkono, ile yenye mshale wa sekunde, unaweka mouse juu yake. Mshale ukizunguka, mouse inadhani umeigusa, na nukta inabaki kijani. Karibu ofisi nzima ilifanya hivyo, ili mtu aweze kula au kusali bila kupigiwa simu. Kwa hiyo zile laptop hazikuwahi kulala. Hazikuwahi kupoa.

Siku moja tulikuwa tunakula chips pale Adams Arcade. Mwende akaifungua laptop ya kazi mezani, ikayumba. Tumbo lake lilikuwa limefura, na pale pa kugusia kwa kidole pameinuka.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Mwende akacheka hadi akafuta macho. "Imeshika mimba, Zuhura. Na baba ni IT."

Nilimburuta hadi ofisini mchana huo huo. Jamaa wa IT aliniona mimi kabla ya kuiona laptop.

"Wewe si ulifutwa?"

"Nilifutwa, sikupofuka. Tazama hii betri."

Akaibonyeza kwa kidole kama anapima parachichi. "Inashika chaji?"

"Inashika," Mwende akajibu.

"Basi iko sawa, mathe. Mpya tunapea wenye zao zimekufa kabisa. Wekea kitu nzito juu, itarudi."

Kitu kizito! Juu ya betri iliyovimba! Nilipaza sauti mpaka supervisor akatoka. Naye akatazama, akasema wamenote. Mwende akanivuta mkono: "Zuhura, twende. Mimi bado nafanya kazi hapa."

Jumanne hiyo Mwende alikuwa na homa. Aliomba off. Jibu la supervisor liko kwenye simu yake, dadake amenionyesha: wateja ni wengi leo, jikaze. Akajikaza. Akajilaza na laptop juu ya blanketi, imechomekwa kwenye umeme, karibu na sikio lake ili ujumbe ukiingia ausikie.

Majirani waliona moshi dirishani, wakavunja mlango. Walichelewa. Simu yake ilikuwa na missed calls za supervisor. Nukta ilikuwa imezima, ndiyo maana alikuwa anampigia.

Sasa sikilizeni rambirambi za bosi, kutoka kwake Kitisuru, mtaa wa matajiri. Anasikitishwa na "ajali ya nyumbani" na anawakumbusha wafanyakazi "kuwa waangalifu na vifaa vya umeme." Baada yake HR wakampigia dadake, Kanini, kuuliza kama chaja ilipona, kwa ajili ya clearance, ile ya kurudisha mali ya kampuni. Chaja!

Kilichonikalisha hapa niandike ni swali la Kanini. Tulikuwa tunaosha vyombo baada ya mazishi. Akaniuliza polepole, mama yao asisikie: "Kwani dadangu alikuwa mzembe?"

Hapana, Kanini. Wasomee watu wote wa kwenu hii post. Dada yako aliipeleka ile laptop ofisini kwa mikono yake. Waliiona. Waliibonyeza. Wakamrudishia akalale nayo. Mimi nilikuwepo, na nitalisema hilo popote nitakapoitwa, na nisipoitwa pia.

Na ninyi mliobaki pale, nawajua kwa majina. Laptop iliyovimba izimeni sasa hivi. Msiichaji, msiibonyeze, msiidunge, msiilalie. Itoeni kitandani, iwekeni mahali pagumu mbali na vitu vya kushika moto, na waiteni wenye mali, kampuni, waje kuichukua. Nukta ikigeuka manjano, igeuke.

Mwende wangu, lala salama, usingizi mzima. Saa yako itoe chini ya mouse, ivae ukitaka kujua wakati, si kumdanganya mtu. Wakipiga kuuliza uko wapi, usishtuke, usiamke.

Nitapokea mimi.