Siku ya Jina la Vendel

Mjini Debrecen kila mtu ana siku ya jina lake katika kalenda, na tarehe ishirini Oktoba ni ya akina Vendel. Piroska Szendrei, mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, hakuwa na mume wala mwana wa jina hilo. Vendel wake alikuwa chembe isiyopata kuonwa na jicho wala mtambo. Alimbuni kwa hesabu tupu, miaka sita iliyopita, apate kueleza kwa nini nyota kongwe zina theluthi moja tu ya lithiamu iliyotarajiwa kutoka dakika za kwanza za ulimwengu.

Asubuhi ya sikukuu hiyo, saa mbili kabla ya kuwasilisha kazi yake kwenye taasisi ya fizikia ya mji, kompyuta ilitoa jibu: theluthi moja barabara! Vendel alipovunjika alitema nyutroni, nazo zikaimaliza beriliamu ambayo ingegeuka lithiamu. Piroska aliibusu kompyuta, akashuka ngazi mbilimbili huku akiimba, hadi chumba cha chai, ambako Mzee Lőrinc, mkaguzi wa hesabu za wenzake kwa miaka arobaini, alikuwa akikata keki.

"Mzee Lőrinc, Vendel yupo! Yupo!"

"Hongera zake. Amepanga wapi?"

"Usinitanie, mzee wangu. Lithiamu imekaa sawa!"

"Na hidrojeni nzito?"

"Hiyo niliifunga isibadilike, ili programu iende mbio."

Kisu kikasimama hewani. "Loo, mwanangu! Shahidi umemfungia nje, kisha wasema kesi umeshinda? Nyutroni hizo zikikutana na protoni zitazaa nini kama si hidrojeni nzito, vibiriti? Kamfungulie!"

Piroska alipanda mbio kuliko alivyoshuka. Hidrojeni nzito ikizidi ile inayopimwa katika mawingu ya kale ya gesi, Vendel hayupo, na miaka sita imekwenda naye. Akaifungua. Ikapanda maradufu. Akampunguzia Vendel umri, akampunguzia idadi, akambembeleza. Kila lithiamu ilipotii, hidrojeni nzito iliasi.

Katika jaribio la tisa alitambua kwamba kosa halikuwa la Vendel peke yake. Chembe yoyote yenye tabia ya kutema nyutroni ingenaswa na mtego uleule: nyutroni zinazopunguza lithiamu ndizo zinazozidisha hidrojeni nzito! Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikamshinda nguvu.

Aliingia ukumbini akicheka hadi machozi, na watu waliokuja kumsikiliza, kwa kumwona vile, wakasimama kupiga makofi.

"Amepatikana!" akapaza sauti mmoja.

"Amekufa!" akajibu Piroska. "Yeye na jamaa zake wote watema nyutroni!"

"Binti," akauliza Mzee Lőrinc, "umefyeka ukoo mzima, nawe wacheka?"

"Miaka sita nimembembeleza mmoja, mzee, kumbe hesabu ya asubuhi moja yatosha kuwamaliza wote!"

Akaidaka chaki, akaanza kuchora mpaka ambao hakuna hata mmoja wa ukoo huo angeuvuka, kwa kasi iliyoivunja chaki mara tatu.