Sufuria ya Njiani

Baada ya siku nyingi za treni na meli nilifika katika mji ambao sikuwa na ndugu, na jioni ya kwanza nikamwona mwanamume akisonga ugali barazani huku mkewe amekaa, ananyonyesha. Nilisimama kama mtu aliyeitwa.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, mbali na kwetu Cheyo, mjini Tabora. Shule ilipofungwa alinichukua hadi kambini kwao, ambako hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Baba alitwanga, akafua, akapika uyoga kwa karanga, na aliposonga ugali aliimba. Harufu ya uyoga ule ninayo bado. Nilijua nimepata habari njema ya kumpelekea mama.

Tulirudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa na homa, mtoto mchanga mgongoni, anapuliza moto huku anakohoa. Baba aliketi, akaulizia maji ya kuoga.

"Mama, pumzika," nilisema. "Baba anajua kupika kukushinda."

Baba alitazama viatu vyake. "Ile ni kambini, bwana."

Mama akacheka kidogo. "Hata babu yako, mpagazi, alijipikia mpaka pwani na kurudi. Akifika mlangoni kwake, mikono inakufa ganzi."

Nilidhani huo ni ugonjwa wa ukoo wetu, nikaichunguza mikono yangu. Mama aliinuka, akaenda kuteka maji.

Siku nilipoondoka Tabora moja kwa moja, mama alinitilia sufuria ndogo kwenye mzigo.

"Huko njiani utapika," alisema bila kinyongo, kisha akarudi jikoni kunipashia maji ya kuoga.