Kocha Aliyebeba Maji

Nakumbuka Jumamosi moja kule Wheaton, hapa Maryland, Marekani, mwanangu, tulipokaa kando ya uwanja viatu mikononi, tukikataa kucheza. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote, kama wewe sasa.

Klabu yetu ya raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu, ilikuwa imempumzisha Kocha Barasa, Mkenya mwenye sauti ya kusikika Arlington, ng’ambo ya mto, akiwa huku Maryland. Ndiye aliyeianzisha timu. Badala yake akaletwa Papa Kalonji, Mkongo mpole aliyevaa shati la pasi hata mazoezini. Tukasema huyu hapana. Wapinzani walikuwa wameshafika, na tusipoingia tungefutwa kwenye ligi na klabu ingekufa.

Mara tukamwona Barasa anakuja, katoni ya maji begani. Tukashangilia, tukidhani amerudi kutuongoza. Akatupita, akaitua mbele ya Papa Kalonji.

“Coach, maji ya vijana ndio haya.” Kisha akatugeukia. “Na nyinyi, kwani mlikuja game ama mlikuja matanga yangu? Mimi sijakufa! Vaeni viatu!”

Papa Kalonji akacheka hadi akashika kiuno. “Merci, mzee. Bon, watoto, twende.”

Tulifungwa vibaya, nisikudanganye, lakini tulicheza, na Barasa alikimbia na chupa mchana kutwa akitufokea tunywe. Ikawa desturi: kocha anayetoka humbebea maji anayeingia katika mechi yake ya kwanza. Tumepata wakali, tumepata wapole, tumepata hata aliyetupikia pilau kabla ya mechi tukashindwa kukimbia. Wote walibeba.

Sasa zamu yangu ya kuuacha ukocha imefika, nami nasikia unawashawishi wenzako msimchezee Kocha Neema, anayechukua nafasi yangu, kwa ajili yangu. Nimefurahi kupendwa, machozi yamenilenga. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Usiniharibie ngoma yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda Neema akakuponya ile tabia ya kung’ang’ania mpira, mimi imenishinda.

Mwanangu, mpende aliyekufundisha, lakini mchezee anayekufundisha. Klabu ni kubwa kuliko kocha yeyote, nami nimo.

Mungu akupe miguu myepesi, na siku yako ya kushuka ikifika, akupe bega la kubebea. Langu limechoka kidogo. Jumamosi njoo mapema, unishikie katoni upande mmoja.