Wavuta Kamba wa Stesheni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kamba ya katani na ng'ombe mmoja wa kuchinja. Reli ya Mjerumani ilikuwa imefika Dodoma majuzi tu, nami nilikuwa nimeteremka kutoka Kondoa, kijana wa Kirangi mwenye kanzu moja na mwandiko mzuri, nikitafuta ukarani. Bwana Mhandisi, mkuu wa kambi ya reli, alinitazama kuanzia juu hadi chini.

"Makarani ninao tele," akasema. "Nataka mtu wa kunitunzia wavutaji."

Kumbe wazungu wa kambi za reli walikuwa wakishindanisha vibarua wao kuvuta kamba, na yeye alikuwa amechoka kuchekwa na wenzake. Nikaikubali kazi kwa sababu ya njaa.

Nyinyi makatibu wa vilabu vya mpira mnaokuja kuniuliza zamani tulifanyaje, jueni kwamba kazi ilikuwa hii hii yenu, ila hatukuwa na mikutano. Nilitafuta wavutaji, nikawalisha, nikapatana na kambi nyingine juu ya siku na uwanja, nikaomba behewa la kuwasafirisha. Kwa Wahindi wenye maduka niliomba vitambaa vyekundu vya kufunga mkononi, nao walitoa kwa moyo mweupe, maana siku ya mashindano watu walijaa uwanjani na madukani pia.

Wavutaji niliwatafuta visimani. Kiangazi Wagogo walichimba visima virefu kwenye mchanga wa makorongo, wakavuta maji ya ng'ombe kwa kamba za ngozi huku wanaimba. Mtu aliyelelewa kisimani hategemei mikono. Huvuta kwa mgongo na kwa pumzi, na wimbo ndio unaomwambia lini apumzike bila kulegeza. Huko Buigiri ndiko nilikomkuta Chilewa, mpole, mzito, mwenye visigino vipana. Nikamfanya nanga, yaani yule wa mwisho anayejizungushia kamba kiunoni na kujichimbia ardhini. Wa mbele kabisa tulimwita sauti, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha wimbo.

Mama yake Chilewa hakunipa mwana hivi hivi.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba. Nasikia wenye kitambaa chekundu hawakamatwi njiani kwenda kazi ya Boma. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Bwana Mhandisi amepatana na Boma."

"Basi mchukue. Lakini usiwahesabu watoto wa watu. Anayehesabiwa hupungua."

Nikaahidi. Wagogo hawakuhesabu ng'ombe wala watu, waliwajua mmoja mmoja kwa jina na kwa sura, na mimi nikafanya hivyo. Hata leo msiniulize wavutaji wangu walikuwa wangapi.

Tukaanza kushinda. Tulishinda Gulwe, tukashinda Mpwapwa, tukapanda hadi Kilimatinde mbele ya wazungu wa Boma wenyewe, tukawaburuta askari wao na viatu vyao vya ngozi. Mtindo wetu ulikuwa kutulia. Wapinzani walivuta kwa hasira hadi wakaishiwa pumzi, ndipo sauti akabadili wimbo, na Chilewa akapiga hatua moja nyuma. Nilikuwa na furaha siku zile, na sioni haya kusema hivyo.

Reli iliposonga magharibi Bwana Mhandisi akaenda nayo, na timu ikawa chini ya Bwana Stesheni, mkuu wa stesheni ya Dodoma, mtu bahili kupindukia.

"Karani, watu wako wanakula kuliko injini," akaniambia.

"Injini haiimbi, Bwana."

Akacheka, nikapata ng'ombe wangu. Hiyo ndiyo kazi ya mtunza timu: kumchekesha mwenye mali hadi asahau anachotoa.

Kisha vita vikaja. Bwana Stesheni akavaa sare akaenda zake. Boma likaanza kukusanya wapagazi wa kubebea jeshi mizigo, na kijiji baada ya kijiji watu wakakimbilia vilima vya Haneti. Waliokwenda hawakurudi. Wavutaji wangu walibaki makwao, kwa sababu kitambaa chekundu kilikuwa bado kinaheshimiwa. Ikawa akina mama wananiletea maziwa, na mimi nayapokea.

Bwana Shauri, yaani mkuu wa Boma la Dodoma, akaniita.

"Sikukuu ya Kaizari inakuja. Walete wavutaji wote, na kamba."

"Tutavutana na nani, Bwana? Askari wako vitani."

"Wa akiba wapo. Ng'ombe nimeshaagiza."

Na kweli ng'ombe alikuwapo. Tulimkuta amechinjwa, nyama iko motoni. Walikula wakashiba, wakafunga vitambaa, wakashika kamba kila mtu mahali pake, sauti mbele, Chilewa nyuma. Askari wakaja wakaushika upande wa pili. Badala ya kupiga filimbi, Bwana Shauri akapita kando ya kamba na fimbo yake, akimgusa kila mmoja begani.

"Mmoja. Wawili. Watatu."

Chilewa akageuza shingo akanitazama. Askari wengine wakatoka nyuma ya ukuta na bunduki, wakaanza kuwafunga mikono kwenye kamba ile ile.

"Bwana," nikasema, "hawa wana kitambaa."

"Ndiyo. Kimenisaidia. Sikuhitaji kuchagua." Hakusema kwa hasira. Akanipiga piga bega. "Umewatunza vizuri sana, karani. Mwaka huu sijaona watu wenye afya kama hawa."

Sijawahi kusifiwa na mkubwa wa kazi kama nilivyosifiwa siku ile.

Wakaondoka kuelekea kusini kwa mpango wao wa uwanjani. Timu ambayo hakuna kambi iliyowahi kuiburuta ilikuwa inavutwa na askari mmoja, tena kijana mwembamba, na kamba ilikuwa imelegea. Hakuna aliyeimba. Nimewaulizia kwa miaka mingi kila aliyerudi kutoka upande ule, na hakuna aliyewaona.

Baadaye nilifanya kazi ya stoo ya reli chini ya Mwingereza hadi nikastaafu, na wajukuu wanasema nimeishi vizuri. Ng'ombe wa maskini hazai. Mnaniuliza ushauri wa kutunza wachezaji, nami sina. Kadiri nilivyowanenepesha na kuwatangaza ndivyo nilivyowarahisishia kazi wenye bunduki. Sikuwauza, nilidanganywa kama wao, lakini kulijua hilo hakujanisaidia kitu. Mkinialika uwanjani naja, ila mwamuzi akianza kuwahesabu vijana wenu kwa kidole, mimi hutazama pembeni.

Siku ile ya sikukuu nilitoka Bomani nikaenda moja kwa moja Buigiri. Mama yake Chilewa alikuwa anapepeta uwele. Aliniona niko peke yangu, akaweka ungo chini. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njia nzima, juu ya Bwana Shauri, juu ya ng'ombe, juu ya bunduki. Hakuyangoja.

"Waliwahesabu?" akauliza.

"Waliwahesabu, mama."

Akauchukua ungo wake, akaingia ndani.